Wameshakula, Mama

Jumatatu, 2 Juni

Nimebadilisha maji. Robo ya tangi, kama kila Jumatatu. Maji ya bomba yalikuwa yamelala kwenye pipa tangu juzi ili dawa iishe nguvu. Mikono imekufa ganzi mpaka kwenye viwiko. Juni ya Sumbawanga haina adabu.

Samaki wazima, wote sita. Wanne wa njano, mmoja mwembamba mwenye mistari, na yule mkubwa mwenye mistari mipana myeusi na nundu kwenye paji la uso. Huyo Mama amempa jina: Katekista. Anasema anatembea kama katekista wa zamani wa Mpui, polepole, na anatazama watu kama hawajui sala.

Mama anamaliza mwezi hapa Milanzi. Dada Perpetua alimleta kutoka Mpui baada ya kuacha moto jikoni na kwenda kutafuta mbuzi tuliowauza miaka mingi iliyopita. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau. Hautibiki, utaongezeka. Alisema hivyo huku akitafuta kalamu yake.

Mchana kutwa Mama anakaa mbele ya tangi. Anaongea nao Kifipa. Akiwa pale hahangaiki, hafungui milango, haulizi baba yuko wapi. Niliwafuga hawa kwa starehe yangu baada ya kazi ya kutengeneza redio na simu za watu. Sasa wananilelea mama.

Alhamisi, 5 Juni

Maji yana ukungu. Kama maji yaliyooshewa mchele. Sijui kwa nini.

Nimetoa sponji ya chujio, nimeikamua kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Skola, mke wangu, alitaka niioshe kwa sabuni iwe na heshima. Nikamweleza tena kwamba uchafu ule una wadudu wasioonekana wanaosafisha maji, ukiwaua umewaua samaki. Akasema katika ndoa yetu amesikia mengi, ila uchafu unaosafisha ni mpya.

Ijumaa, 6 Juni

Ukungu uleule. Nimebadilisha maji tena. Nimepunguza chakula.

Jumapili, 8 Juni

Nimejua.

Tumerudi kanisani, Skola akaingia jikoni, mimi nikaenda kuvua koti. Kurudi sebuleni nikamkuta Mama amesimama, mkono ndani ya tangi mpaka kwenye kiwiko, anamega tonge la ugali wa ulezi. Vipande vinashuka kama udongo. Wale wa njano wanagombania. Katekista amefungua mdomo, hana haja ya kugombana na mtu.

Nikamwambia wameshakula asubuhi. Akashangaa. Akasema hawajala, anawaona midomo inavyocheza.

Midomo ya samaki hucheza muda wote. Ndivyo wanavyovuta pumzi. Nilimweleza. Alinisikiliza vizuri kabisa, akaitikia kwa kichwa, akaketi. Sikumaliza kuning'iniza koti, akawa amesimama tena na tonge jingine.

Nimenyonya ulezi kwa mpira wa maji hadi mgongo ukauma. Ndani ya pango la mawe analolala Katekista kulikuwa na ugali wa siku nyingi, umeota manyoya meupe.

Jumatatu, 9 Juni

Tatizo si ukaidi. Anasahau. Kwake, kila mara ni mara ya kwanza.

Na tatizo jingine ni malezi yake. Nyumbani kwetu Mpui, mtu akiingia uani hakuulizwa jina wala atokako kabla hajala. Ugali kwanza, habari baadaye. Baba aliwahi kulisha mtu chakula cha jioni na cha asubuhi, ndipo akauliza, na mtu akasema alikosea njia tu, alikuwa anakwenda Laela. Mama anasimulia hadithi hiyo kama wengine wanavyosimulia harusi.

Sasa hawa wametoka ziwani, mbali, chini kabisa kule Kasanga. Seif aliwaleta kwenye ndoo, ndani ya lori lake. Kwa Mama hilo halina mjadala. Ni wageni.

Skola anasema mgeni siku ya tatu hupewa jembe, hawa nao wapewe jembe. Tulicheka wote watatu. Mama alicheka kuliko sisi.

Jumatano, 11 Juni

Mmoja wa njano amekufa. Tumbo lilikuwa limevimba, macho yametoka. Samaki wa aina hii kwao hukwangua majani yaliyoota kwenye mawe kutwa nzima, anapata kidogo kidogo. Ulezi unamvimbia tumboni.

Nimemzika kwenye bustani ya sukumawiki kabla Mama hajaamka. Hakugundua. Sijui kama hilo limenifariji au limeniumiza.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefungia kopo la chakula chao kabatini. Nimemwomba Skola asiache ugali mezani. Nimewawekea mfuniko wa kioo juu ya tangi na tofali juu ya mfuniko.

Mama ametazama tofali muda mrefu. Ameniuliza wamekosa nini.

Jumapili, 15 Juni

Nimeondoa tofali.

Alhamisi, 19 Juni

"Wameshakula, Mama." Leo nimesema hivyo tangu chai. Nikiwa na bisibisi mkononi, nikiwa naoga, nikiwa naongea na mteja mlangoni. Sentensi imepoteza maana. Mteja akauliza nani wameshakula.

Jumanne, 24 Juni

Seif amepita kunisalimu. Ana duka la vipuri mjini na lori linaloshuka ziwani kila wiki. Ndiye aliyeniambukiza ugonjwa wa kufuga samaki, halafu yeye mwenyewe akapona. Alimpa Mama shikamoo mara mbili, maana mara ya kwanza Mama aliitikia halafu akamtazama kama ndiyo kwanza anaingia.

Nikamweleza. Akasema mama yake naye alikuwa hivyo miaka yake ya mwisho. Yeye alikuwa anatafuta funguo za nyumba ya Ujiji iliyobomolewa zamani. Nikauliza walifanya nini. Akasema, "Tulitafuta naye, sheikh wangu. Kila siku tulitafuta."

Nilitaka dawa. Nimepewa hadithi.

Jumanne, 8 Julai

Umeme umekatika tangu asubuhi. Hita imezimika, pampu ya hewa imezimika. Upepo unapita chini ya mlango. Maji yanazidi kuwa baridi, na samaki wa ziwani hawajui baridi ya huku juu. Saa sita walikuwa wamelala chini, hawatikisiki. Katekista amegeuka rangi, mistari imefifia.

Nilichemsha maji, nikajaza chupa za soda, nikaziegesha ndani ya tangi. Nikawa nachota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa. Skola akanipokea kikombe. Tukabadilishana.

Mama alituangalia. Halafu akavua blanketi lake begani, lile la mistari myekundu ambalo hakubali hata lifuliwe, akaanza kulifungia tangi. Akazungusha, akapiga fundo, kama anavyofungwa mtoto mgongoni. Akaenda chumbani akaleta na shuka. Akaketi akitetemeka na kitenge tu.

Nikamvika koti langu. Umeme ulirudi jioni. Wote walikuwa hai.

Sikuwaza mimi kufunga blanketi. Aliwaza yeye.

Jumatano, 9 Julai

Asubuhi amewalisha mkate mzima wa chai.

Leo nimemchukia mama yangu. Si kwa muda mrefu. Nilisimama jikoni nikashika ukingo wa meza mpaka ikapita.

Ijumaa, 11 Julai

Wa njano wa pili. Na yule mwembamba wa mistari. Wamekufa siku moja.

Wamebaki watatu. Wawili wa njano na Katekista. Maji nabadilisha kila siku sasa, pipa halipati muda wa kulaza maji. Najua ni vibaya. Niache sumu ya chakula kilichooza, au niwatie dawa ya bomba? Nachagua kifo kipi.

Nimempigia Perpetua. Amesema niwatoe samaki, ni samaki tu, Deo. Kweli ni samaki tu. Nikamuuliza Mama atakaa mbele ya nini. Akasema mahindi yake hayajapukuchuliwa, atapiga baadaye.

Jumamosi, 19 Julai

Siku mbaya. Naandika nikiwa bado na vumbi.

Nilikuwa nimeamua. Nikahamishia tangi chumbani kwetu, nikafunga mlango kwa ufunguo. Sebuleni nikaweka redio mahali pake, yenye nyimbo za kwaya. Mama alikaa, akasikiliza. Nikajiona fundi. Nikaenda kwenye kibanda changu pale nje kumalizia simu ya mtu.

Skola alirudi kutoka sokoni akauliza Mama yuko wapi.

Tumezunguka Milanzi yote. Kwa majirani, kanisani, sokoni, kwenye mifereji. Nimetazama kwenye mifereji. Skola analia anatembea. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira na kila mtu niliyekutana naye kwa sababu hakuwa yeye.

Seif ndiye aliyempata. Alikuwa anatoka Laela, akamwona ukingoni mwa barabara ya kwenda Mpui, peku, kitenge kinapepea, tonge la ugali limefungwa kwenye pindo. Alimpandisha garini kwa kumwambia anakwenda hukohuko anakokwenda yeye.

Alikuwa anawafuata wageni. Waliondoka bila kula. Anataka kujua nani aliyewafukuza.

Miguu yake ina malengelenge. Nimeiosha kwa maji ya vuguvugu. Amenishukuru kwa adabu sana, kama mtu anavyomshukuru mtu baki.

Jumapili, 20 Julai

Tangi limerudi sebuleni. Tulibeba tu, Skola upande mmoja na mimi upande mwingine.

Mama amewaambia karibuni. Na amewalisha.

Alhamisi, 24 Julai

Wazo la Skola. Chakula cha siku nzima cha samaki watatu, kidogo tu, akakigawa kwenye vifuniko vya chupa za soda. Punje chache kila kifuniko. Mama akisimama, Skola anampa kifuniko kimoja. Mama anamwaga, anaridhika, anakaa.

Nilikuwa naona haya kwamba si mimi niliyewaza. Halafu nikaacha kuona haya. Nimemwambia Skola ahsante. Akasema alianza kuwaza hivyo zamani, alisubiri nimalize kuwa mtaalamu.

Jumatatu, 28 Julai

Maji yameng'aa. Siku ya nne. Mistari ya Katekista imerudi, nyeusi kabisa. Anatoka pangoni, anakuja kwenye kioo Mama akisogea. Anamjua. Sikuwahi kuona samaki anamjua mtu kiasi hiki.

Nimelala mchana leo. Usingizi mzito, kwenye kiti.

Jumanne, 29 Julai

Mama amekasirika. Ametazama punje kwenye kifuniko, amenitazama. Akasema kwa Kiswahili, ili Skola naye asikie vizuri: "Mtu ametoka mbali, unampa punje? Mimi nilikulea kwa punje?"

Aibu iliyonipata ni ya kweli, kana kwamba nimemnyima mtu kweli.

Bado tunampa vifuniko. Anavipokea kimya. Afadhali angegomba.

Jumamosi, 2 Agosti

Gauni la Mama linampwaya. Skola ameliona kwanza, wakati anamwogesha. Mbavu zinahesabika. Na sahani yake hurudi nyeupe kila mara, tumekuwa tukimsifu.

Leo tumekaa tukamtazama anakula. Alikuwa anapiga tonge, analichovya kwenye maharage, anatabasamu, halafu mkono unashuka chini ya meza. Pindo la kitenge. Mapindo yote mawili yamejaa. Na chini ya mto wake Skola amekuta ugali mkavu kama mawe.

Hakuwa anawapa cha ziada. Anawapa chake.

Maji kumbe yalikuwa yameanza kuchafuka tangu juzi, sikutaka kuona. Nimeingiza mpira. Chini ya mawe kumejaa ugali.

Jumapili, 3 Agosti

Wa njano wawili, wamekwisha. Wamekufa juu ya maji, midomo imepanuka.

Nimeketi kanisani, sikumbuki somo. Niliomba nini? Sikujua niombe nini. Mama apone, haponi. Samaki wapone, kwa nini Mungu ajishughulishe na samaki. Niliomba nisiwe na hasira nikifika nyumbani. Hilo nalo nusu tu.

Jumatano, 6 Agosti

Katekista peke yake. Tumbo limeanza kuvimba. Hataki kula ninachompa mimi. Tonge la Mama likishuka anajikokota kwenda kulichukua. Nimeona kwa macho yangu. Hana njaa, anakula tu kwa sababu ni mkono wa Mama.

Seif amesema atamshusha ziwani Ijumaa. Nimekataa. Sijui kama angefika, na mgonjwa huwezi kumpeleka kwa wazima. Hayo nimemwambia. Sikumwambia kwamba naogopa ile barabara ya Mpui.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama anakula sasa akilishwa na Skola kwa mkono. Nusu sahani. Mikono yake tunaishika kwa upole wakati wa kula. Ni kazi ya watu wawili. Anatutazama mmoja mmoja, anauliza mgeni amekula.

Wameshakula, Mama. Amekula. Ameshakula.

Jumatatu, 11 Agosti

Ilikuwa siku ya kubadilisha maji. Nimekuja na ndoo, nikamkuta Katekista amelala kwa ubavu pangoni mwake. Nundu imegusa jiwe.

Mama alikuwa ameshaketi mahali pake. Sikuweza kumficha. Nikaingiza mkono, nikamtoa, nikamfunga kwenye gazeti mbele yake. Mkubwa kuliko nilivyodhani. Mzito.

Akauliza, "Anaondoka?"

Nikasema anaondoka.

"Ameshiba?"

Nikasema, "Ameshiba, Mama."

Akafurahi. Akasema basi njia njema. Akamsindikiza mpaka mlangoni, akasimama pale na mkono juu, mimi nikaenda na gazeti langu upande wa sukumawiki.

Ni kweli alishiba. Ndicho kilichomuua. Sijui ningejibu nini kingine.

Jumatano, 13 Agosti

Nimezima pampu. Sikuwa najua kelele yake ni kubwa kiasi gani. Nyumba imekuwa kubwa.

Mama anaketi palepale. Hatafuti. Aliondoka ameshiba, mambo yamekwisha. Mawe nimeyaacha ndani, sina moyo.

Ameanza kulala mchana. Ameanza kuniita mzee.

Jumapili, 17 Agosti

Tumekula mchana baada ya misa. Ugali wa ulezi, maharage, dagaa kidogo alioleta Seif. Skola akaenda kulala, kichwa kinamuuma. Mimi nikavuta kigoda nikakaa upande wa pili wa tangi, sikuwa na kazi.

Mama aliniona kupitia vioo viwili. Akainuka. Akaja mpaka nilipo, akanitazama usoni kwa makini, kwa wema. Hakunijua. Nilitambua hivyo mara moja, sikuhitaji kuuliza.

Akasema, "Karibu."

Nikasema, "Ahsante. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, usiondoke."

Akaenda jikoni mwenyewe. Nikamwacha, moto ulikuwa umezimwa. Alirudi na sahani, tonge kubwa la ugali uliopoa, maharage yamemwagikia upande. Na bakuli la maji ya kunawa. Akanishikia bakuli mpaka nikamaliza. Hakuniuliza jina, wala natoka wapi. Akaketi mbele yangu, mikono mapajani, akawa ananisubiri.

Nilikuwa nimeshakula. Hata matone ya maharage yalikuwa bado kwenye shati.

Nilikula polepole. Nikimaliza ataniuliza mimi ni nani.

Alipoona sahani inakaribia kuisha, akaniongezea.